Nani Ameshika Usukani?

Mwaka 2020 Safari Rally haikufanyika. Kenya ilikuwa imesubiri tangu 2002, mwaka ambao Colin McRae alishinda, ili mashindano hayo yarudi kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia. Tarehe zikapangwa, 16 hadi 19 Julai. Ilipofika Mei, korona ikazifuta. Lakini Septemba ya mwaka huohuo ikatoka WRC 9, gemu rasmi ya ubingwa wa rali, na Kenya ilikuwamo, pamoja na vumbi lake na barabara zake za udongo. Gemu ilitengenezwa kwa kufuata kalenda ambayo dunia yenyewe ilishindwa kuitimiza. Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kochi Oslo au Osaka aliweza kukimbiza gari Kenya katika mwaka ambao mtu wa Naivasha hakuona gari hata moja la mashindano likipita.

Je, hizo zilikuwa mbio?

Swali hili linafaa kijiweni, la kubishania huku kahawa inapoa. Mimi limenishika kwa sababu nyingine, na nitaieleza. Kwanza nilijibu kwa njia ambayo nadhani wengi wangejibu.

Jibu la haraka ni hapana. Mbio za kweli zina tope. Safari ilianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake kubwa ilikuwa kuwashinda watu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7. Mwaka 1968 yakarudi 7 tena. Joginder Singh aliposhinda 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo, walikuwa wamepita kwenye mvua na matope yaliyowameza wenzao. Ukimwambia mzee aliyewahi kusimama kando ya barabara kusubiri magari yale kwamba leo kuna watu wanakimbia Safari wakiwa wamevaa soksi, atacheka. Hakuna jiwe litakalopasua tairi wala mto utakaofurika ghafla. Ukipinduka unabonyeza kitufe, gari linarudi barabarani likiwa zima.

Kwa jibu hili, kinachofanya mbio kuwa mbio ni hatari. Niliishi na jibu hilo kwa muda, kisha likanivunjikia mkononi. Linapima kitu kisicho chenyewe.

Nasoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa maliasili. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikienda na kurudi kati ya Kibiti mjini, ninakolala kwa mama mdogo, na vijiji vya delta ya Rufiji, ninakopima mikoko. Delta inanifundisha hatari kila wiki. Bodaboda anayenipeleka Nyamisati anapita pembeni ya malori ya barabara ya Kilwa akiwa na abiria wawili na gunia la mchele. Nimeona mama mjamzito akivushwa usiku kwa mtumbwi, maji yakipwa, wapiga kafi wakikimbizana na muda kabla mkondo haujakauka. Kasi ilikuwapo, na hatari ilikuwapo kuliko Safari zote za dunia. Lakini hakuna mtu angesema zile zilikuwa mbio. Hakukuwa na wa kushindwa isipokuwa wote kwa pamoja.

Kwa upande mwingine, siku moja ya Idd nilitazama vijana wanne wa kijiji kimoja cha delta wakishindana mitumbwi. Wanaondoka gatini, wanazunguka mchu mkubwa ulio ng'ambo ya kijito, wanarudi. Maji yalikuwa mafu, hayana nguvu, na kila mmoja wao aliogelea kabla hajajua kutembea vizuri. Zawadi ilikuwa kreti moja ya soda. Hatari hapakuwa na hata punje. Lakini hizo zilikuwa mbio kabisa, na kila mtu pale alijua hivyo, kuanzia watoto hadi wazee waliokuwa wanajifanya hawatazami.

Kwa hiyo hatari si kipimo. Inaweza kuwapo bila mbio, na mbio zinaweza kuwapo bila yenyewe. Wale vijana walikuwa na nini ambacho wapiga kafi wa usiku hawakuwa nacho? Nadhani walikuwa na ahadi. Kabla ya kuondoka walikuwa wamekubaliana, hata kama hawakutamka: tutaanza pamoja, tutazunguka mti uleule, kila mmoja atapiga kafi lake, na atakayefika kwanza tutamkubali. Mbio ni ahadi waliyopeana watu wanaotaka kujua jambo moja tu: kati yetu, nani?

Kama ni hivyo, skrini haiwezi kuzifuta. Ahadi haihitaji tope. Watu wawili walioko mabara tofauti wanaweza kuahidiana, na wakiahidiana wanaweza kudanganyana. Hapo ndipo mbio za mtandaoni zinapoonyesha kwamba ni mbio: mtu anaweza kutendewa uovu ndani yake.

Na uovu ulitendeka. Mwaka huohuo wa 2020, viwanja vikiwa vimefungwa, Formula E, yaani mbio za magari ya umeme, ilianzisha mashindano ya mtandaoni yaliyoitwa Race at Home Challenge, kwa ajili ya kuisaidia UNICEF. Madereva halisi walikaa majumbani mwao na kuendesha magari ya kompyuta. Yaliishi muda mfupi, kuanzia Aprili hadi Juni, basi. Tarehe 23 Mei mbio zilikuwa za uwanja wa Tempelhof, Berlin. Daniel Abt, dereva wa Audi, ambaye kabla ya hapo hakuwa anafanya vizuri katika mbio hizo za nyumbani, akamaliza wa tatu. Wenzake wakashtuka. Stoffel Vandoorne na Jean-Éric Vergne walionyesha wasiwasi wao waziwazi: kwenye kamera uso wa Abt hauonekani vizuri, je, ni yeye kweli? Hakuwa yeye. Aliyekuwa ameshika usukani alikuwa Lorenz Hörzing, kijana wa miaka 18, mchezaji hodari wa mbio za kompyuta.

Abt akafutiwa matokeo na kuamriwa atoe euro 10,000 kwa kazi ya hisani. Siku chache baadaye Audi ikamsimamisha, akapoteza kiti chake katika magari ya kweli. Yeye alieleza kwamba ulikuwa utani, kwamba walikusudia kutengeneza kisa cha kuwachekesha mashabiki. Cha ajabu ni kwamba Tempelhof hapo alikuwa ameshinda kwa mwili wake mwenyewe, katika gari la kweli, mwaka 2018. Hakuwa mtu asiyejua kuendesha gari. Alikuwa bingwa aliyemkabidhi mtu mwingine jina lake kwa dakika chache.

Wengi walimwonea huruma, na mimi ni mmoja wao. Adhabu ilizidi kosa. Ahadi ya mbio za hisani zilizochezwa sebuleni ni ahadi, lakini si nzito kiasi cha kumnyang'anya mtu riziki. Uzito wa ahadi hupimwa kwa kile ambacho wengine wamekiegemeza juu yake. Hata hivyo, kusema adhabu ilizidi si kusema kosa halikuwapo, na hoja ya "ni gemu tu" inachanganya mambo hayo mawili. Aliyemaliza wa nne siku ile alisukumwa chini na mtu ambaye hakuwamo kwenye orodha. Alikuwa anakimbizana na nani? Alidhani anajua.

Katika banda la gemu la karibu na nyumbani, Kibiti mjini, anakoshinda mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, sheria hii inajulikana bila kuandikwa ukutani. Mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine. Ukianza kuzidiwa ukampa pedi rafiki yako aliye fundi, banda zima linapiga kelele. Nimemwuliza mdogo wangu kwa nini, maana wanaocheza ni haohao na hela ni ileile. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Sasa dada, nitakuwa nimemfunga nani?"

Sijapata jibu zuri kuliko hilo katika vitabu vya maadili nilivyosoma.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si la kijiweni kwangu.

Mwaka jana mtu mmoja aliniletea kazi. Tulikutanishwa na mwenzangu wa hosteli. Ni mtu mzima, ana cheo, na anahitaji shahada ya uzamili ili apande kingine. Ameshafanya masomo ya darasani, kilichobaki ni tasnifu. Alikuwa mpole sana. Aliniita mdogo wangu, akaniuliza hali ya wazazi, kisha akaniambia anataka tasnifu kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji. Amesikia kwamba nina data. Angenilipa 1,500,000. Hajawahi kufika delta. Alitaka nimweleze kidogo inavyonuka, alisema akicheka, ili akiulizwa siku ya kuitetea asibabaike.

Tasnifu za kuandikiwa si siri vyuoni. Kuna wanaoishi kwa kazi hiyo, tena wengine ni wasomi wazuri kuliko wanaowaandikia. Na mimi nilikuwa na sababu. Aprili 2024 Rufiji ilifurika, ikachukua mashamba huku Rufiji na Kibiti, na mpunga wa upande wa mama yangu ulikuwa chini ya maji. Ada yangu ilikuwa inatoka kwenye mpunga huo. Milioni moja na nusu ilikuwa inaziba pengo karibu lote.

Nilikaa na ofa ile wiki tatu, na katika wiki hizo nilijifunza jinsi akili inavyojua kutetea. Nitaweka hapa utetezi ulionisumbua zaidi, kwa sababu si wa kijinga.

Utetezi wenyewe ni huu. Hakuna aliyedhulumiwa. Yeye anataka kununua, mimi nataka kuuza, data ni ya kweli, mikoko imepimwa vizuri. Dunia nzima inaendeshwa kwa mikono ya watu wasiotajwa. Wakubwa wanaandikiwa hotuba. Mwenye mashua mara nyingi hajui hata kutweka tanga. Ana nahodha, ana mabaharia, na samaki wakiuzwa yeye anachukua fungu la chombo. Mbona hatumwiti mwizi? Kama mwenye mashua anaruhusiwa kuvua kwa mikono ya wengine, mwenye cheo kwa nini asipime mikoko kwa mikono yangu?

Kilichonisaidia ni kukumbuka jambo lililotokea kwenye zile mbio za Idd. Mmoja wa vijana wanne alikuwa ameumia bega. Akamwomba mjomba wake, mvuvi wa miaka mingi, ampigie kafi. Mjomba akaingia mtumbwini mbele ya watu wote, akashinda kwa mbali. Watu walicheka sana. Hakuna aliyesema kuna udanganyifu. Lakini kijana alipokwenda kuichukua kreti ya soda, babu aliyekuwa mwamuzi akamzuia kwa mkono. "Mjukuu wangu, mtumbwi wako umeshinda. Wewe ulikuwa umekaa hapa na mimi." Soda akapewa mjomba, na mjomba akazigawa.

Hapo kuna tofauti mbili. Ya kwanza ni kwamba mkono wa mwingine si kosa ukionekana. Mwenye mashua hadai kwamba amevua. Kila mtu sokoni anajua nani alikuwa baharini na nani alikuwa nyumbani, na mgawanyo wa mafungu unasema wazi. Hotuba ya mkubwa nayo, hakuna anayeisikiliza ili ajue kama mkubwa anajua kuandika.

Ya pili ni muhimu zaidi. Kuna kazi ambazo swali lake ni "je, imefanyika?" na kuna kazi ambazo swali lake ni "nani ameifanya?" Samaki ni wa aina ya kwanza: awe amevuliwa na nani, ataliwa. Kama serikali inataka ramani ya mikoko, sijali nani ameichora mradi ni sahihi. Lakini mbio ni za aina ya pili tu. Gari likifika mwisho wa njia halijamletea mtu chochote. Thamani yote iko kwenye jina la aliyeliendesha. Tasnifu iko hukohuko. Chuo hakimwombi mwanafunzi tasnifu kwa sababu kina upungufu wa makaratasi kuhusu mikoko. Kinamwuliza: wewe, ukiachwa peke yako na jambo usilolijua, unaweza kulijua? Mimi nikimjibia, data yangu hata iwe safi namna gani, jibu ni la uongo, maana swali halikuwa juu ya mikoko.

Na yule aliyemaliza wa nne yupo, ingawa mnunuzi na muuzaji hawamwoni. Yupo mtu mwingine anayegombea cheo kilekile, ambaye aliandika tasnifu yake mwenyewe, ikachelewa, ikarudishwa mara mbili. Wapo pia watu watakaomfuata huyu mwenye shahada. Mtu mwenye shahada ya mikoko ya Rufiji anaweza kesho kuulizwa wapi wananchi waruhusiwe kukata nguzo na wapi wasiruhusiwe. Atajibu kwa cheti changu na macho yake, na macho yake hayajawahi kuona. Hajui kwamba mkoko wenye mizizi ya kupinda haupimwi pale kifua kinapofika kama miti mingine, bali juu ya mzizi wa juu kabisa, sentimita 30. Hajui kwamba ukikosea bamvua utakaa juu ya tope saa sita ukisubiri maji, ukiwasikiliza kaa. Kwake delta ingekuwa kama Kenya ya 2020 ilivyokuwa kwa mtu wa Osaka, ila na tofauti moja: mtu wa Osaka hakumwambia yeyote kwamba amefika Naivasha.

Hii ndiyo sababu sioni aibu tena kusema mbio za kompyuta zinaweza kuwa mbio za kweli. Kijana anayekaa usiku kucha akijifunza kona moja ya barabara ya kuchora, kisha akaikata vizuri kuliko wenzake wote, amefanya jambo la kweli mahali pasipo pa kweli. Mwenye cheo wangu alitaka kinyume chake, jambo la uongo lililosimikwa mahali pa kweli kabisa, penye tope na majina ya vijiji. Kama ningelazimishwa kuchagua ni lipi kati ya hayo mawili ni mwigo, nisingesita.

Limebaki jambo moja ambalo sikulitegemea. Nilipoanza kuisoma habari ya Abt nilimfikiria yeye na wale aliowazidi. Kadiri nilivyokaa na ofa ile nikaanza kumfikiria Hörzing. Siku ile aliendesha vizuri kiasi cha kufika wa tatu katikati ya madereva wa kulipwa, na hakuna sekunde hata moja ya ufundi ule iliyoandikwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe alikuwa akishiriki mashindano ya wachezaji yaliyoambatana na yale ya madereva, naye akaondolewa. Kwa kawaida tunasema anayeendesha kwa jina la mwingine amewadanganya watu. Ni kweli, lakini pia ametoa kitu. Amechukua jibu la swali "nani?" lililokuwa lake, akalifuta. Naamini mtu ana wajibu fulani kwa kazi yake mwenyewe, hata pale ambapo hakuna mwingine atakayeumia: asiiache itembee mitaani bila kujua imetoka kwa nani.

Hoja hii ya mwisho ina udhaifu, naujua. Ni hoja ya mtu anayeweza kumudu kuwa na jina. Wapo wanaoandikia wengine kwa sababu mtoto anaumwa, na sitasimama mbele yao kuwahubiria wajibu wa mtu kwa kazi yake. Njaa haifuti kosa, ila inahamisha sehemu kubwa ya lawama kutoka kwa mwenye njaa kwenda kwa aliyeiona njaa hiyo akaitumia. Kati yangu na mwenye cheo, mmoja wetu alikuwa na mpunga uliozama na mwingine alikuwa na milioni moja na nusu za ziada. Hatukuwa tumesimama kwenye mstari mmoja wa kuanzia.

Mwishoni nilimwandikia ujumbe. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwambia sitaweza kuandika, lakini nikienda tena delta anaweza kuja. Boti ya kuchangia kutoka Nyamisati si ghali. Nitamfundisha bure kupima mkoko na mkandaa, nitamkutanisha na wazee wanaoujua msitu kuliko mimi, na kwa wiki tatu au nne atakuwa na data yake mwenyewe. Nilimaanisha kila neno. Alama mbili za bluu zilitokea jioni ileile. Hakujibu.

Najua mtu mwingine amemwandikia, au atamwandikia, au programu ya akili mnemba itafanya kazi hiyo kwa bei ya bando. Siku moja huenda tukakutana kwenye kikao kimoja, yeye akiwa mezani mbele na mimi nyuma na daftari, na mtu akauliza swali kuhusu delta. Sijui nitafanya nini siku hiyo. Kwa sasa ada ya muhula imebaki nusu, na kesho bamvua linaanza. Kuna viwanja vinne vya miti ambavyo sijavipima.